Maua umeyatuma leo, harusi yangu ya Desemba iko wapi?

SWALI

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mpigapicha, niko Moshi, nina miaka 31. Huu ni mwaka wa sita tangu niache studio ya watu na kufungua chumba changu mwenyewe. Napiga harusi, sendofu, kichenpati, ubatizo, mahafali, na picha za pasipoti pale mteja anapoingia mlangoni anahema kwa sababu ofisi inafungwa saa tisa.

Kazi naipenda. Sijui kama inaruhusiwa kusema hivyo kwenye safu ya watu wenye matatizo, lakini nianze na hilo. Asubuhi ya harusi, nikiingia chumba anachopambwa bibi harusi, mashangazi wanagombea kioo, mtu anauliza nani kakalia pazia la kichwani, katoto ka maua kamelala na gauni lake juu ya kitanda cha wageni, basi mimi ndipo nafsi yangu inapotulia. Siku hiyo sisikii njaa wala miguu.

Shida yangu ni miezi hii. Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu na mfungo wa Ramadhani vimeangukia wiki moja, ile ya tarehe 18 Februari. Wakristo hawafungi ndoa, Waislamu hawafungi ndoa, na masika yenyewe yanakuja Machi. Simu yangu inaita kutwa, ila si kwa kazi.

Hali ya hela iko hivi. Baada ya Pasaka nina harusi tatu, tarehe 11, 18 na 25 Aprili. Wote wameshalipa nusu, laki nne nne. Hiyo milioni moja na laki mbili haipo. Imeenda kwenye ada ya mtoto Januari, kodi ya chumba ya miezi sita, na lenzi iliyoingia kuvu ambayo fundi wa Arusha aliifungua na kuisafisha. Nauli ya kwenda kwenye harusi hizo sijui nitaitoa wapi.

Halafu kuna harusi tano za kati ya Krismasi na katikati ya Januari ambazo bado sijakabidhi. Unajua Krismasi ya huku kwetu, Mjomba. Dar yote inapanda mlimani, na kila ukoo unataka kumaliza shughuli zake zote kabla watu hawajashuka. Nilipiga harusi tano kwa wiki tatu. Kila moja ina picha kama 2,000. Nikikaa mbele ya kompyuta nazitazama tu, nafunga, naenda kuosha vyombo.

Sasa sikia lililonifanya nikuandikie. Wiki iliyopita mvua ilinyesha usiku mara mbili. Siku chache baadaye nikapanda Kibosho kumwona mama, nikakuta kahawa imechanua shamba zima. Matawi meupe, harufu kama ya yasmini, nyuki wanavuma hadi unasikia kichwani. Mama akapita katikati na kanga yake, nikamwambia simama hapohapo. Nikampiga. Nikapiga maua, nikapiga matone kwenye majani ya mgomba, na mlima nao ukafunguka dakika kama kumi kabla ya saa moja asubuhi, theluji yote hadharani. Mjomba, nililia kidogo. Jioni hiyohiyo nikaweka picha tisa kwenye stetasi. Watu wakasifu mpaka nikaona haya.

Ndipo ukaja ujumbe wa bibi harusi wangu wa tarehe 27 Desemba. Ulikuwa mstari mmoja: “Maua umeyatuma leo, harusi yangu ya Desemba iko wapi?”

Sikumjibu. Nilichofanya ni kumzuia asione stetasi zangu.

Naomba unishauri. Nipate wapi hela miezi hii? Na huyu wa tarehe 11 Aprili, baada ya kuona zile picha, anataka apigwe katikati ya kahawa iliyochanua. Mvua ikinyesha je? Kamati ya mojawapo ya zile harusi za Desemba nayo imeshavunjwa na laki tatu zangu sijapewa, nimdai nani? Mume wangu anasema duka la kaka yake linahitaji mtu wa kaunta, mshahara kila mwisho wa mwezi. Nikubali? Kuna na kadi moja ya harusi ya yule wa tarehe 27 imegoma kusoma, lakini hiyo nitaiangalia nikitulia.

Ni mimi mpwa wako,
Mpigapicha wa Moshi


JIBU

Marahaba mpwa wangu,

Maua umeyapa aya nzima, pamoja na nyuki. Kadi iliyogoma umeipa sentensi moja, umeiweka mwisho kabisa baada ya duka la shemeji yako, tena kwa “nitaiangalia nikitulia.” Nimekaa na kamera miaka mingi kiasi cha kujua barua ya namna hii inavyoandikwa. Tuanze na kadi.

Hukusema ndani yake kuna nini. Nakisia ni kanisani: viapo, pete, labda na baba akimkabidhi binti. Kama ingekuwa picha za watu wanakula pilau ungeshamwambia siku nyingi. Na nakisia zaidi kwamba hiyo kadi ndiyo iliyozisimamisha harusi zote tano. Mtu akiogopa faili moja hafungui kompyuta kabisa. Anaosha vyombo.

Kwa hiyo leo hii, kabla hujalala, fanya haya. Itoe kadi ilipo. Ina kijiti kidogo ubavuni, kisukume upande wa kufunga ili kitu chochote kisiandikwe juu yake. Usiifomati hata kamera ikikuomba, na usipige nayo hata picha moja ya majaribio, kwa sababu picha iliyopotea mara nyingi bado imo, ila njia ya kuifikia ndiyo imekatika, na kila kitu kipya unachoandika kinaikalia nafasi yake. Jaribu kisomeo kingine cha kadi. Mara kadhaa nimeona mtu analia kumbe kilichokufa ni kile cha elfu tano. Kompyuta ikiiona kadi lakini ikasema haina kitu, kuna programu ya bure iitwayo PhotoRec. Sura yake ni mbaya, maandishi matupu, lakini inachimba. Unachofukua kihifadhi kwenye diski nyingine, kisirudi kwenye kadi hiyohiyo. Na kama kompyuta haiioni kadi kabisa, acha kuchokonoa, mpelekee fundi anayefufua data, tena umuulize kwanza amewahi kufufua ngapi.

Ikishindikana, bado hujafika mwisho. Mtu wa video alikuwepo? Kanisani huwa anasimama karibu kuliko wewe, na padri humgombeza yeye kwanza. Muombe video yake yenyewe, ile ambayo haijakatwa. Kama alirekodi kwa 4K, kila fremu moja ni picha ya megapikseli nane hivi, unaisafisha na kuiweka kwenye albamu bila aibu. Kama ni HD ya kawaida inakuwa megapikseli mbili, inatosha saizi ya postikadi. Halafu wale ndugu waliokuzibia njia na simu zao, wale uliowalaani moyoni pale kwenye altare, sasa ndio watakaokuokoa. Waambie wakutumie picha kama dokumenti, maana zikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida zinabanwa na kupungua ubora.

Ila hayo yote ni ya mikono. La mdomo ni kumpigia bibi harusi. Umpigie, usimwandikie. Na ufanye hivyo kesho asubuhi, hata kama hujajua kadi itafunguka au la.

Nitakueleza kwa nini nakuharakisha. Mwaka 1994 nilipiga harusi moja ya watu wema sana. Enzi zetu mkanda wa filamu ulikuwa wa picha 36. Ukipiga, unavuta wenzo, namba inasogea. Siku ile namba ikafika 36, ikafika 38, ikafika 40, na wenzo bado mlaini. Hapo mgongo ukaniingia baridi, kwa sababu mkanda ukiisha wenzo hukaza. Mkanda ulikuwa haujashika meno tangu mwanzo. Ibada yote nilikuwa napiga mwanga hewani. Kijana makini angetazama kile kitasa cha kurudishia mkanda, kikizunguka unajua unatembea. Mimi nilikuwa nimevaa suti mpya na natazamwa na wasichana wa kwaya.

Sikusema. Niliwaambia picha ziko maabara. Wiki mbili, maabara. Mwezi, maabara ina foleni. Mwezi wa tatu kaka wa bibi harusi akaja studio, akakaa kwenye kile kigoda cha wateja, hakusema neno kwa muda kama wa kunywa chai. Ndipo nikasema. Hawakunipiga, na naapa ningependa wangenipiga. Mchungaji akatufungulia kanisa siku ya Jumanne, wakavaa tena, tukarudia pete. Lakini bibi harusi alikuwa na mimba ya miezi minne kwa wakati huo. Gauni halikufunga nyuma. Tulilibana na pini sita, nami nikapiga kwa mbele tu. Nikiziona zile picha hadi leo, mtu mwingine anaona maharusi, mimi naona pini.

Ningesema wiki ileile, gauni lingefunga. Ndiyo maana nakwambia kesho.

Maneno ya kumwambia usiyapambe. “Dada, mimi nimechelewa na sikukujibu, na ule ujumbe wako ulikuwa na haki. Kadi ya kanisani ina hitilafu, ninaishughulikia, na ifikapo Alhamisi nitakwambia imefunguka au la. Picha thelathini za nyumbani na ukumbini nakutumia kesho jioni.” Akilia mwache alie. Akigomba usijitetee kwa mvua. Kadi ikikataa kabisa, mrudishie sehemu ya hela hata kama ni kwa awamu, na jitolee kurudia kanisani kwa gharama yako, iwapo padri na wao watakubali. Na mfungulie stetasi kabla hujapiga simu, si baada. Watu wanajua wakizuiliwa, mpwa wangu. Dada yake bado anakuona.

Sasa zile nyingine nne, pamoja na hii. Hesabu yako ndiyo inayokutisha: harusi tano mara picha 2,000, unaona 10,000 mbele yako, nani asingekimbilia sinki? Lakini hakuna aliyekuagiza 2,000. Albamu ya harusi inayosimulia vizuri haihitaji zaidi ya picha 400, na humo tayari nimeshaingiza mashangazi wote. Siku tano za kuchagua tu, harusi moja kwa siku, mkono usiguse rangi. Kisha 2,000 zilizobaki, mia moja kwa siku, siku ishirini. Ukianza Jumatatu tarehe 2 Machi na ukapumzika kila Jumapili, siku ya 25 inaangukia Jumatatu ya Wiki Takatifu. Ukiugua siku tatu au mtoto akiugua, Alhamisi Kuu. Umelalamika kwamba Kwaresima haina kazi, kumbe ndiyo iliyobeba kazi yako yote.

Na kwa kila mmoja wa hao watano tanguliza picha thelathini mapema, wiki hii, kabla ya kitu kingine. Picha thelathini zinampa mama wa bibi harusi kitu cha kuonyesha jumuiyani, na mama akishaonyesha, mwezi mmoja wa kusubiri unakuwa mwepesi. Nilichokigundua kwa kuchelewa ni kwamba watu hawakasirishwi sana na kusubiri. Wanakasirishwa na kuona hukumbuki kwamba wanasubiri.

Hela. Milioni na laki mbili umekula, imekwisha, tusiichambue. Ada ya mtoto si anasa. Lakini namna unavyolipwa ndiyo inayokutengenezea shimo. Nusu mwanzoni na nusu “baadaye” maana yake unaishi kwa hela ya harusi ambayo hujaipiga na unafanya kazi ya harusi ambayo umeshaila. Gawa mara tatu: kiasi kidogo cha kushika tarehe, kiasi kikubwa wiki ya harusi, na kipande cha mwisho siku ya kukabidhi. Hicho kipande cha mwisho kisiwe kidogo mno, kwa sababu kinakulinda wewe dhidi ya sinki.

Kuhusu kamati. Hili naona wapigapicha vijana wengi wanaliwa kwa kutojua. Kamati ya harusi ina uhai wake: inazaliwa kwenye kikao cha kwanza, inanenepa kwa michango, na inakufa siku ya kikao cha kuvunja kamati, pale wanaposoma mapato na matumizi na kula kilichobaki. Ukifika siku hiyo hujalipwa, deni lako halina baba. Mwenyekiti atakwambia muone mweka hazina, mweka hazina atakwambia hesabu zilifungwa. Siku zote ulizia tarehe ya kikao hicho na uhakikishe jina lako limesomwa kabla yake. Hao wa laki tatu, kakabidhi picha zao kwanza, mkononi, kwa bwana na bibi harusi wenyewe, ndipo utaje deni. Kumdai mtu ambaye wewe pia unadaiwa naye ni mazungumzo yasiyokwenda popote.

Kazi ya sasa hivi ipo, ila si ya kupigiwa simu. Shule zenye kidato cha sita zinafanya mahafali miezi hii kabla ya mtihani wa Mei, na kila mhitimu ana mama. Nenda ukaongee na mwalimu kabla hajaongea na kijana wa simu. Na Idd inatarajiwa karibu na tarehe 20 Machi, wiki mbili kabla ya Pasaka yenu. Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukiingia, ndoa za Waislamu zinaanza tena, na hapo wewe una kitu ambacho mimi na ndevu zangu sikuwahi kuwa nacho: unaweza kuingia ukumbi wa kina mama. Mule simu zinaachwa mlangoni, mpigapicha mwanaume haruhusiwi, na wenye shughuli huhangaika kutafuta mwanamke anayejua kazi. Wape watu wa Majengo na Pasua habari zako mapema, kupitia wapambaji wa maharusi, wale ndio wanaojua nani anaolewa kabla hata mjomba wa bibi harusi hajajua. Lakini sikiliza: picha ya mule ndani haitoki. Si stetasi, si ya mfano, si ya kumwonyesha shoga yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na mteja yeyote, awe dini gani, anastahili kuulizwa kabla hujamweka hadharani. Ila mule sheria ni ya pili. Ukivunja mara moja hutaitwa tena mji mzima, na watakuwa na haki.

Nimefurahi ulimpiga mama yako. Wenzetu wa Ulaya wana machipuko yao, miti iliyokauka inarudisha majani na wapigapicha wote wanakimbilia bustanini. Yetu ni haya: vumbi la Februari linaoshwa, kihamba, lile shamba la nyumbani, kinakuwa kijani hadi kinaumiza macho, na juu kuna wingu. Wapigapicha wengi hulilaani hilo wingu. Mimi nalipenda kuliko jua la Desemba lile la saa saba linalowachimba watu mashimo machoni. Wingu ni shuka jeupe lililotandwa mbingu nzima, bure, na uso wa mzee chini yake unalainika bila flashi.

Ndiyo maana nakupa kazi moja ya msimu huu: wazee. Unajua ni lini familia zetu hutafuta picha ya bibi? Siku ya msiba. Nimeshaletewa studio picha ya harusi ya mjukuu, bibi yuko safu ya tatu, nusu ya uso imezibwa na kofia ya mtu, naambiwa “mkate huyu, mkuze, saa nane tunazika.” Nimewakata wengi hivyo. Pita vihambani, wapige wazee wakiwa nyumbani kwao, kwenye kigoda chao, na wajukuu walioko Dar watalipa kwa simu siku hiyohiyo wakiona. Bei iwe ndogo, na kila mmoja apate picha moja iliyosafishwa, ya karatasi, si ya simu tu. Tahadhari moja ya ufundi: chini ya migomba mwanga unapita kwenye majani na unamwagia mtu ukijani usoni. Msogeze kidogo uwazi ulipo, na mtu ashike shuka jeupe upande wa kivuli. Ni rahisi kuliko kupigana na ukijani huo kwenye kompyuta usiku.

Bibi harusi wa tarehe 11 Aprili umwambie ukweli wa shamba, ambao wewe mtoto wa Kibosho unaujua: kahawa haiwekewi ahadi. Inachanua siku chache baada ya mvua kuigusa ikiwa na kiu, inakaa siku mbili tatu, kisha maua yanageuka rangi ya chai na kudondoka. Aprili mvua itakuwa ya kila siku na kahawa haina kiu tena. Mwahidi kijani na ukungu, usimwahidi weupe. Tafuta mahali penye baraza pana au dari ya kanisa yenye upande mmoja wazi, muwe na pa kukimbilia. Nunua miavuli miwili ya plastiki inayoona, au mieupe. Mwavuli mwekundu unapaka bibi harusi uso mwekundu na hakuna rangi ya kuutoa. Gumbuti chini ya gauni si aibu. Mambo ya mlima yafanyeni alfajiri au machweo, maana katikati ya mchana, hasa miezi hiyo, amejifunika.

Na hiyo kuvu ya lenzi itarudi masika kama utaendelea kuifungia kwenye begi lenye unyevu. Vile vifuko vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya, usivitupe. Viweke ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na lenzi, na begi libaki la safari tu.

Jambo moja la kuhifadhi, kisha nikuache. Pale Mji Mkongwe, Zanzibar, kuna Capital Art Studio, aliifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, mwanawe Rohit akaendeleza. Nilipoingia kule mara ya kwanza nilisimama ukutani kama mtu aliyepotea, nyuso na nyuso, watu ambao hata wajukuu wao wamezeeka. Zipo kwa sababu kuna mtu alizitunza negativu akiwa hana hakika kama kuna atakayeziuliza. Wewe harusi nzima unaiweka kwenye kadi moja yenye ukubwa wa ukucha. Nunua kadi ndogondogo, nyumbani yake, kanisani yake, ukumbini yake. Kama kamera yako ina nafasi ya kadi mbili, ziandike zote mbili kwa pamoja. Na kadi isifutwe hata siku moja kabla picha hazijakaa mahali pawili, kimoja kikiwa nje ya chumba chako.

Duka la shemeji. Sitakwambia ukubali wala ukatae, mumeo hakosei kutaka hela inayojulikana siku yake. Mwombe akusubiri hadi Jumapili ya tarehe 26 Aprili, sikukuu ya Muungano, asubuhi yake baada ya harusi ya tatu. Mtakuwa wote nyumbani. Fungua daftari: harusi ngapi zimekabidhiwa, nani anakudai, unamdai nani, mahafali yameleta ngapi, Mfungo Mosi umeleta ngapi. Mwonyeshe hizo namba, ndipo mwongee habari za kaunta.

Lakini kesho, simu kwanza.

Mjomba wako